Kikombe cha Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Mzee Doa, na jina hilo alilipenda kama wengine wanavyopenda cheo. Alikuwa dobi. Ukimpelekea shati, kabla hujamaliza kusalimia ameshalinyanyua kwa ncha ya kijiti, amelitandaza mezani, amekunja pua, na kidole kimetua palepale ulipokuwa unaomba asipaone. "Hili doa," anasema. Hakuulizi limetoka wapi. Anakutazama tu, mpaka wewe mwenyewe unaanza kujieleza kama uko mbele ya hakimu. Kola za walimu, makwapa ya makarani, shuka za nyumba ya wageni ya karibu na stendi, vyote vilipita mikononi mwake na vyote vilimchefua. Ukimuuliza kwa nini basi asitafute kazi nyingine, anakujibu kwamba asingekuwepo yeye watu wangetembea wamevaa jalala.

Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Nguo nyeupe zilikuwa na beseni lao, za rangi lao, na za ndani hakuzipokea kabisa, hata ungempigia magoti. Suruali ikitoka chini ya pasi yake ya mkaa, mkunjo wake ungeweza kukatia mkate. Lakini kinyaa cha kazini kilikuwa kimemwingia mpaka kwenye mifupa. Hakula kwa mtu, hakunywa kwa mtu, na mkono akikupa, ukigeuka tu anaufuta kwenye aproni. Na kubwa kuliko yote, hakuwahi kuingia choo kisicho chake. Choo chake kilikuwa nyuma ya chumba, kimepakwa chokaa, kina kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na ule wa nyumba. Harusi za ndugu zilimpita, misiba ilimpita, kisa choo. Watu walimsema mpaka wakachoka.

Sasa mtu kama huyo, katika wanaume wote walioko duniani, binti yake wa pekee akamletea nani? Dereva wa gari la maji taka. Lile lenye tangi kubwa na bomba nene kama chatu, linalozunguka mitaani kunyonya vyoo vya watu. Siku kijana alipokuja kujitambulisha, amevaa shati jeupe alilolinyoosha mwenyewe, Mzee Doa hakumtazama usoni. Alitazama kucha zake. Zilikuwa safi, na jambo hilo likazidi kumuudhi, maana alikuwa amejiandaa kuona kitu. Mama wa binti alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakuwapo wa kumpoza. Ndoa akaikubali kwa shingo upande, ila akaweka sharti lake kimyakimya, na sharti hilo lilikuwa kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati, kimebanduka rangi mdomoni, na kilitundikwa kwenye msumari nje, ukutani, juu ya pipa la maji. Hicho ndicho kikombe cha mkwe. Mkwe akija kusalimia, anakalia kigoda cha nje, chai inamiminwa humo kwa mbali, bila birika kugusa ukingo. Akimaliza anakisuuza mwenyewe pipani na kukitundika mwenyewe. Akiondoka, kigoda kinamwagiwa maji ya moto. Binti alilia mara ya kwanza, mara ya pili akagomba, baadaye akawa mkavu wa macho, anamtazama baba yake kama mtu anayetazama ukuta. Mkwe yeye hakugomba. "Ahsante kwa chai, baba," basi, anapanda gari lake anaondoka. Mzee Doa alijiambia kwamba kijana ameridhika, na kwamba hata yeye mwenyewe anajijua alivyo.

Haya. Wakati huo wote Mzee Doa alikuwa na siri yake, nayo ilikuwa inakua. Alikuwa na busha. Ndiyo, yeye, msonta vidole, mwenye kuwaumbua watu kwa tone la mchuzi, alitembea na busha chini ya aproni kwa miaka, akalishonea suruali pana zenye marinda, akajifundisha kukaa upande. Alijionea kinyaa. Wakati wa kuoga alitazama ukutani. Lilipofika mahali pa kumzuia hata kuinamia beseni, akapiga moyo konde akaenda hospitali, tena ile ya mbali, asikutane na mteja.

Daktari alimwambia kwamba hilo ni jambo dogo: unaingia asubuhi, unachomwa sindano ya mgongo, unafanyiwa, mchana unarudi kwako kwa miguu yako. Neno hilo la mwisho ndilo lililomfanya akubali. Maana hospitali zetu unazijua. Ukilazwa, nesi mmoja ana wodi nzima, na wa kukuogesha, wa kukumwagia uchafu wako, ni ndugu yako. Wodi ya wanaume inataka mwanamume, na binti hawezi kumvua baba yake nguo. Mzee Doa alihesabu ndugu wanaume aliobaki nao duniani akapata mmoja tu, wa ndoa, na mikono yake ilikuwa ile ya bomba. Akala yamini. Kitanda cha hospitali hatakilalia, na mikono ile haitamgusa, hata kama ni kufa, afe na tai shingoni.

Asubuhi ya upasuaji alikwenda na shuka lake mwenyewe, amelipiga pasi. Upasuaji ukaenda vizuri, hilo halina ubishi. Aliporudishwa kwenye chumba cha wanaorudi nyumbani siku hiyohiyo, miguu yake ilikuwa bado ya mtu mwingine, imelala tu pale kama magogo, na kati ya miguu kulikuwa na bandeji nene ambayo hakutaka kuitazama. Chumba kilikuwa cha vitanda vichache vilivyotengwa kwa mapazia. Pazia lake lilikuwa na doa. Lilikuwa la kahawia, la duara, na kwa utaalamu wake alijua ni la nini, akageuza uso. Upande wa pili sakafu ilikuwa inanatanata. Harufu ya dawa ilikuwa juu, na chini yake ile nyingine, ya watu.

Kisha akaja nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya barabara. Akaeleza sheria ya chumba hicho kwa kila kitanda, pazia moja baada ya jingine. Hapa hakuna anayeondoka kabla hajakojoa. Sindano ya mgongo hulaza kibofu, na mtu akienda nyumbani kibofu kimelala, atarudi analia. Kwa hiyo kila mmoja atapewa chupa, atakojoa, na yeye nesi atauona mkojo kwa macho yake mawili. Asiyekojoa mpaka yeye anamaliza zamu, atawekewa mpira wa mkojo na kupelekwa wodini juu, na ndugu zake wapigiwe simu. Akamwachia Mzee Doa chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, akavuta pazia.

Mzee Doa aliitazama chupa ile. Ilikuwa imeoshwa, lakini imeoshwa na nani, na ilikuwa imepita kwa wangapi? Kwenye kona ya chini palikuwa na utando wa njano ambao hakuna brashi iliyoufikia. Ptuu! Alikishika kile kitu kwa ncha ya shuka, akakisogeza, akafumba macho, akafikiria choo chake cha chokaa. Wapi. Miguu ilianza kumrudia kidogokidogo, akaomba apelekwe chooni, akashikwa mkono mpaka mwisho wa korido. Aliufungua ule mlango akaona alichoona. Sitakisimulia, kuna watu wanasoma huku wanakula. Akaufunga, akarudi kitandani.

Saa zikaenda. Vitanda vingine vikaanza kupata pongezi. Nesi alikuwa akiinua chupa juu dirishani, anaitazama kama mtu anayepima mafuta ya taa, anasema, hongera, vaa nguo zako. Kitanda cha jirani kilikuwa na seremala mmoja, mnene, mcheshi, aliyekuwa ameondolewa kinyama fulani njiani mwa mkojo, na tangu amerudi alikuwa anakojoa kama bomba lililopasuka. Alikuwa ameshapewa ruhusa, anamsubiri mkewe tu, na chupa yake alishairudisha. Na sasa amebanwa tena. Alimsikia Mzee Doa akiguna nyuma ya pazia, akaelewa. Wanaume wanaelewana kwa mambo haya.

"Mzee mwenzangu," seremala akanong'ona, "nipitishie hiyo chupa yako huku chini. Mimi ninao wa kugawa."

Hapa ndipo mtu mwingine yeyote angecheka akakataa. Mzee Doa alifikiria wodi ya juu. Alifikiria mpira. Alifikiria ile mikono ikishika kitambaa, ikimgeuza upande. Akaipitisha chupa chini ya pazia.

Ilirudi imejaa, na ilikuwa ya moto. Hilo hakuwa amelifikiria, kwamba itakuwa ya moto. Joto la mtu mwingine lilipenya shuka lake la pasi likamfika kiganjani, na povu lilikuwa bado linacheza juu. Alibaki ameishika hivyo, mkono umenyooka kadiri unavyoweza kunyooka, kijasho chembamba kinamtoka, mpaka nesi akaja. Nesi akaiinua dirishani.

"Hongera, mzee. Mkojo safi kabisa huu," akasema.

Na Mzee Doa, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukubali kitu cha mtu kuwa safi, akaitika, "Ahsante, sista."

Binti alikuja kumchukua kwa teksi, tumbo mbele, maana alikuwa anakaribia kujifungua. Mzee Doa aliketi juu ya shuka lake lililokunjwa, asiguse kiti. Alipofika kwake alimshukuru binti mlangoni, akamwambia aende akapumzike, hahitaji mtu, amepona. Binti alitaka amwite mumewe alale hata kigodani pale nje. Baba yake akamkata kauli. Basi binti akaondoka kwa mwendo wake wa kuyumba. Mzee Doa akanawa mikono. Akanawa tena. Akakisugua kiganja kile kwa sabuni ya mche na majivu mpaka kikawa chekundu, na bado alilihisi lile joto.

Kisha akaenda kwenye choo chake, mwenyewe, kwa raha zake. Akasimama. Akasubiri. Hakuna kitu. Sheria ya nesi haikuwa ya kumkomoa mtu, kumbe kibofu kilikuwa kimelala kweli. Akakumbuka aliambiwa anywe maji mengi, akanywa bilauri baada ya bilauri, na maji yakaingia yasitoke. Tumbo la chini likaanza kujaa, likawa gumu kama mpira wa miguu. Akajikaza kisabuni. Akafungulia bomba ili sauti ya maji imshawishi. Akachuchumaa, akasimama, akaegemea ukuta wa chokaa, kijasho kikageuka jasho. Maumivu yale mtu asikwambie. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa alipotambaa mpaka kwenye simu akampigia binti, na hakuweza kusema zaidi ya jina lake.

Binti akampigia mumewe. Mumewe alikuwa mtaa wa pili, kazini.

Unajua lililokuja. Mzee Doa alilisikia kabla hajaliona, akalinusa kabla hajalisikia. Likasimama mbele ya kamba zake za nguo nyeupe, bomba limezungushwa mgongoni linadondosha, mkwe akaruka chini. Kwa maumivu aliyokuwa nayo bado alipata nguvu ya kufunga mlango na kuuvaa ufunguo shingoni. Mkwe akanyoosha mikono amsaidie kupanda, mzee akaipita, akashika chuma cha mlango, na chuma kilikuwa na unyevu. Hakuuliza unyevu wa nini. Njia nzima alikaa na kitambaa puani, na kila shimo la barabara lilimtoa yowe, na nyuma yao ule mzigo ulikuwa unacheza tangini, chwap, chwap. Alitaka kutapika, alitaka kukojoa, na hakuweza hata kimoja.

Kwenye geti la hospitali mlinzi alilitazama gari, akaonyesha kwa rungu. Shimo lililojaa liko nyuma, akasema, zungukeni huko. Mkwe akatoa kichwa akamwambia wameleta mgonjwa. Mlinzi akachungulia, akamwona mzee mwenye suruali ya mkunjo ameminya pua, akafungua geti.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mchovu, macho mekundu. Alimlaza, akabonyeza tumbo, Mzee Doa akalia kama mtoto. Swali la kwanza lilikuwa lile lile: ulikojoa kabla hujaondoka? Mkwe alikuwa amesimama pembeni ameshika ndala za baba mkwe. Na yule nesi naye, alikuwa anamaliza zamu, mkoba begani, ameona sura anayoijua akasogea. Mzee Doa akawatazama wote. Akasema ndiyo.

Nesi akaongeza kwamba yeye ni shahidi, chupa ilijaa, tena mkojo safi. Daktari akauliza, na nyumbani je? Mzee Doa akasema nyumbani pia. Uongo ukishatoka wa kwanza, wa pili haupigi hodi.

Daktari akalibonyeza tumbo tena. Akamvuta nesi kando, lakini chumba kilikuwa kidogo, kila neno lilisikika. Kama mtu anakojoa vizuri, akasema, basi uvimbe huu si wa mkojo. Bandeji nayo imevimba. Huenda mshipa umeachia, damu inamwagikia ndani. Hawezi kusubiri vipimo vya kesho, inabidi kumrudisha mezani, wafungue walipofunga, watafute. Akaagiza machela. Akaagiza damu. Kisha akamgeukia mkwe.

"Wewe ni nani yake?"

"Mwanawe," mkwe akajibu.

Daktari akamweleza kwamba damu ya akiba ni kidogo, wanaomba ndugu. Mkwe akaziweka ndala chini, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha. "Chukueni hata yote," akasema. Mkono ule ulikuwa mnene, na karibu na kifundo palikuwa na mchirizi mkavu wa kitu, maana alitoka kazini mbio na hakupata nafasi ya kunawa.

Ningependa kukwambia kwamba Mzee Doa aliguswa. Kwamba alimwona kijana aliyemnywesha nje kama mbwa akitoa damu yake, akaona haya, akatubu. Tusidanganyane. Aliuona ule mchirizi. Akaona, kwa macho yake ya kazi, damu ile ikitoka kwenye mkono ule, ikipita kwenye mpira, ikiingia kwake, ikizunguka ndani yake mpaka siku ya kufa, na hakuna beseni wala sabuni ya kuifikia humo. Mwili ukamsisimka wote. Ni kinyaa kilichomfungua mdomo, si kingine.

"Haukuwa wangu," akasema.

Daktari hakuelewa, akauliza nini hakikuwa chake.

"Mkojo. Ule wa kwenye chupa. Ulikuwa wa seremala."

Machela ilikuwa imeshafika mlangoni, mwenye kuisukuma naye akasimama kusikiliza. Mzee Doa akaeleza yote kinagaubaga, chupa, pazia, joto, na jinsi ambavyo hajakojoa tone tangu alfajiri, na kila neno lilimtoka kama mfupa. Nesi alimtazama. Halafu akaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyoinua chupa dirishani na kutoa hongera, akaenda kwenye sinki akafungua maji. Alinawa polepole, mgongo amempa. Mzee Doa aliujua unawaji ule. Ndivyo yeye alivyokuwa akifuta mkono wake kwenye aproni, miaka yote, watu wakigeuka, akidhani hawaoni.

"Mzee," nesi akasema bila kugeuka, "na wewe unavyoonekana msafi."

Daktari alikasirika kwa ufupi, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukasirika kwa urefu. Akamwambia ilibaki kidogo apasuliwe bure. Akaagiza mpira wa mkojo. Ulipoingia Mzee Doa aliuma shuka, na ulipofika, lo, maji yale yalishuka kwenye mfuko yakashuka yakashuka, mfuko ukajaa ikabidi uletwe mwingine, na mzee mzima akatokwa na machozi ya raha mbele ya watu asiowajua. Tumbo likanywea. Bandeji ilipofunguliwa, uvimbe ulikuwa wa kawaida tu. Lakini kwa kuwa kibofu kimevutwa sana, mpira utakaa, na kwa kuwa mpira utakaa, atalazwa. Wodi ya juu. Na anywe maji mengi, daktari akasisitiza, mengi kweli, mpaka mkojo uwe mweupe.

Ikawa hivyo basi. Kila alichokikimbia kilimkuta, tena kikiwa na nyongeza. Wodi ilikuwa na vitanda kila upande, shuka za hospitali zina historia, na nzi mmoja alikuwa ameshachagua mguu wake. Mkwe aliomba maji na sabuni kwanza, akanawa mpaka mabegani. Kisha akainama chini ya kitanda, akafungua kizibo cha mfuko, akamwaga kwenye ndoo ya wodi, akafunga, akapeleka ndoo chooni, akarudi. Hakukunja uso, hakutabasamu. Alifanya kama mtu anayefunga mlango. Akamgeuza mzee upande, akalivuta shuka likawa halina mkunjo. Mikono ile ilimgusa kiunoni, mgongoni, chini ya bandeji. Mzee Doa alitazama ukutani.

Nesi wa wodi akaja akasema mgonjwa anatakiwa awe na vitu vyake, ndoo ndogo, kikombe, kitambaa, hospitali haitoi. Mkwe akaomba ufunguo wa nyumba. Na unaona mtu alivyo: baada ya yote hayo, mkono wa Mzee Doa ulipanda wenyewe ukaufunika ufunguo kifuani. Kichwa kikatikisika kabla yeye mwenyewe hajaamua. Mkwe akausubiri kidogo ule mkono, ulipokuwa haushuki, akasema sawa, baba, akatoka.

Alikawia. Kiu ikaanza. Ile bilauri ya nyumbani ilikuwa mbali na koo lilikuwa limekauka, wagonjwa wengine wanakunywa kila mmoja cha kwake, na yeye anameza mate ambayo hayapo. Alipomwona mkwe akiingia na ndoo ndogo mkononi, alijikuta ameinua kichwa kama mtoto aliyeona mama anarudi sokoni. Mkwe akaweka ndoo chini, akatoa kitu ndani yake, akakijaza maji, akampa.

Kilikuwa kikombe cha bati, kimebanduka rangi mdomoni.

Mzee Doa akakishika akakitazama. "Hiki ni chako," akasema.

"Ndiyo, baba. Ndani sikuingia. Nimechukua kilichokuwa nje."

Mzee Doa akakisogeza mdomoni, akakishusha. Akajaribu kusema kitu kizuri, na kwa mtu asiye na mazoea hayo, kilichotoka ni hiki: "Si kitu. Wewe umekinywea miaka yote hii, hujafa."

Mkwe alikuwa anakunja kitambaa. Hakuacha kukunja.

"Sijawahi kukinywea, baba," akasema, kwa sauti ileile ya ahsante kwa chai. "Chai nilikuwa naimwaga nyuma ya pipa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naona kinyaa. Kinakaa nje, mijusi inapita humo, kunguru wanatua. Maji ya moto hakijawahi kuyaona. Hata kukisuuza nilikuwa nakisuuza kwa ncha ya vidole." Akakiweka kitambaa kando ya mto, kimekunjwa vizuri. "Na leo nimekisuuza tu. Sabuni iko ndani, na ufunguo unao wewe."

Mzee Doa akachungulia ndani ya kikombe. Chini kabisa, pale bati linapokutana na bati, chini ya maji, palikuwa na doa. Lilikuwa jeusi, la duara, la zamani. Alijua ni la nini. Mkwe alikuwa anamtazama, na wagonjwa wa vitanda vya jirani nao walikuwa wanatazama, na koo lilikuwa linawaka. Akafumba macho akanywa.